Taa ya Boila Lililokatwa

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofika kiwanda cha sabuni kuweka taa moja. Moja tu, kisha arudi kwake akapumzike. Si taa ya ukutani. Ni ile ya kwenye skrini ya mwendesha mitambo, kiduara cha kijivu kinachogeuka chekundu na kupiga king'ora mvuke ukizidi ndani ya boila, tangi la chuma la kuchemshia maji. Boila jipya lilikuwa liwashwe asubuhi, na bila hiyo taa bosi asingeruhusiwa kuliwasha.

Lakini mguu ulikuwa mzito. Aliyekuwa zamu ni shemeji yake, mume wa dada yake, na mchana ule Fundi alikuwa ametoka kumwona dada. Jicho moja limefumba kwa uvimbe. Eti amejigonga mlangoni. Mlango gani huo unaovaa pete ya ndoa?

"Leo namwambia ukweli wake," Fundi alisema.

"Thubutu!" dada akamkata. "Akiharibikiwa yeye, hawa watoto utawalisha wewe? Mwache. Namtaka mzima na namtaka kazini. Hayo mengine niachie mwenyewe."

Basi Fundi akafunga mdomo, akaenda.

Shemeji alimpokea miguu ikiwa juu ya meza, anatafuna njugu, maganda anayatupa sakafuni kwa sababu wa kufagia si yeye. Mbele yake vioo, na nyuma ya vioo boila jipya, limetulia, mlango wake wa chuma uko wazi.

"Ahaa, shemeji! Umekuja kuniwekea taa za disko?"

"Za disko za nini? Wewe si unajua kupiga tu, kucheza hujui."

Shemeji akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Fundi akavuta kiti. Mafundi wa kazi hii wana njia yao ya mkato: taa hawaichori upya. Wananakili ya zamani, wanaibandika pahala papya, wanabadilisha jina, kisha wanabadilisha anwani, yaani ile inayoiambia taa isikilize chombo gani. Kwenye pembe ya skrini kulikuwa na taa ya boila la zamani, lile lililokatwa kwa moto wa gesi likauzwa chuma chakavu. Hakuna aliyekumbuka kuifuta. Fundi akainakili. Akaibandika. Akabadilisha jina.

Anwani akaisahau. Mtu aliyevimba kwa hasira hasahau makubwa, husahau hicho kidogo.

Akahifadhi.

Taa ikawa nyekundu.

King'ora kikalia chumba kizima.

"We! Mbona linapiga kelele?" Shemeji akashusha miguu. "Lile ni baridi. Hata maji halina!"

Fundi akachungulia kiooni. Kweli, boila lilikuwa limekaa kimya, mlango wazi. Akairudia kazi yake, akaiona anwani.

"Nimesahau... Taa inasikiliza lile la zamani."

"Lile limekatwa vipande!"

"Najua."

Pasipo na chombo, skrini huweka alama ya kuuliza. Hii iliweka namba ya mvuke. Na namba ilikuwa inapanda...

Ndipo harufu ikaja. Si ya sabuni.

Ya nyama. Nyama inayochemka bila chumvi.

Halafu chini ya sakafu, kule walikoziba mabomba ya boila la zamani...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Nyamazisha," Shemeji akanong'ona.

"Nani anagonga?"

"Nimesema nyamazisha!"

Kofi lilimtoa Fundi kitini. Akaanguka kichwa kikipiga ukuta, mdomo umejaa damu. Shemeji akamruka, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha kama mtu anayeua mbu. King'ora kikakatika.

Kugonga hakukukatika.

Shemeji akapiga magoti juu ya maganda yake ya njugu, akawa anaongea na sakafu.

"Nilidhani umeshatoka... Nilisikia, ndiyo, nilisikia! Lakini nilidhani umeshatoka!"

Hapo Fundi akamkumbuka msafishaji. Mtu mpole, aliyekuwa anaingia ndani ya boila la zamani kusugua ukoko. Siku moja, Shemeji akiwa zamu, akawa hayupo. Bosi akatangaza kwamba ametoroka, na boila likakatwa haraka haraka. Ametoroka akaacha viatu mlangoni mwa boila? Hakuna aliyeuliza. Mtu wa kusugua akipotea, watu huulizana nani atasugua.

Kizibo cha bomba kikaruka.

Mvuke ukajaa. Ndani ya mvuke mkono... umeiva, ngozi inaning'inia kama shati lililoloa. Ukamshika Shemeji taya, ukampigiza uso kwenye meza. Ukarudia. Ukarudia tena. Meno yakamwagika juu ya kibodi. Kisha ukaanza kumvuta kwenye tundu la bomba ambalo hata paka asingepita, na bega lake likavunjika kwa mlio wa kuni kavu.

"Shemeji! Shemeji, nisaidie!"

Fundi alisimama. Pumzi moja nzima alisimama tu, akilitazama jicho la dada yake akilini.

Kisha akawaona watoto.

Akaparamia kibodi, vidole vikiteleza kwenye damu. Akafuta anwani ya zamani. Akaandika ya boila jipya, kama alivyopaswa toka mwanzo. Akahifadhi.

Mvuke ukakatika.

Nyuma ya kioo, mlango wa boila jipya ukajifunga wenyewe. Bam! Fundi aliusikia, lakini hakuwa na nafasi ya kuujali. Sakafuni alilala mwanaume aliyevaa nguo za Shemeji na pete ya Shemeji, uso umeungua hautambuliki, anapumua. Akamshika makwapani, akamburuta mpaka nje.

Bosi akaagiza damu ipigwe deki na boila liwashwe.

Mwanaume alipotoka hospitali, Fundi akaenda kwa dada kuwaona. Dada alikuwa anacheka, macho yote mawili wazi.

"Mdogo wangu, sijui wamemfanya nini huko. Hajainua mkono tangu arudi! Watoto anawaogesha mwenyewe. Na sufuria anazisugua mpaka unajiona."

Mwanaume alikuwa pale, kawapa mgongo, anasugua. Maji ya beseni yalikuwa yametoka motoni sasa hivi, yanatokota, na mikono yake imo ndani mpaka viwiko.

"Karibu, fundi," akasema. Hakusema shemeji.

Simu ya Fundi ikaita. Mwendesha mitambo mpya.

"Fundi, taa yako mbovu! Mvuke uko sawa, lakini kila tukichochea moto inawaka. Na ndani kunagongwa. Huyu mwenzangu mjinga anasema anasikia mtu anaita shemeji, shemeji. Tuzime, tufungue tuangalie?"

Mikono ndani ya beseni ikatulia.

Fundi akamtazama dada yake, aliyekuwa anamsuka binti yake huku anaimba.

"Msizime," akasema. "Nyamazisheni sauti tu."

Akakata simu. Mwanaume akaendelea kusugua, taratibu, pembe kwa pembe. Kisha, bila kugeuka, akauliza kwa upole:

"Na bosi naye... leo yupo kazini?"