Mguu Ulioombewa

Saa kumi kamili mlango wa wadi ya wanaume ulifunguliwa, na watu waliokuwa wamesongamana nje na vikapu vyao na chupa za chai wakaingia kwa mkupuo mmoja. Fundi cherehani aliingia nao. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, maana alilishona mwenyewe, na kifuani alikumbatia foronya ishirini alizoishonea wadi ile kwa vitambaa vilivyochangwa na kina mama wa kanisani. Rundo lilimfika kidevuni. Alichokiona mbele yake kilikuwa foronya tu, na alichokikanyaga hakukiona kabisa.

Yalikuwa maji ya sabuni. Mguu wa kulia ukashika njia yake, wa kushoto ukabaki nyuma, na fundi akaketi sakafuni kwa kishindo huku foronya zikimwangukia kichwani moja moja.

"Usisimame, dada! Usisimame!" Mwanamume mwenye koti jeupe alimwacha mgonjwa na povu shavuni, akaja mbio na wembe mkononi.

"Hebu weka hicho chini kwanza," fundi alisema. "Nimeanguka tu, sijaomba kuchinjwa."

Mwanamume aliukunja wembe, akautia mfukoni. "Nisamehe. Beseni langu, maji yangu, kosa langu."

"Na mguu wangu," alisema fundi, na hapo ndipo maumivu yalipompata sawasawa, machozi yakamlengalenga.

Alikuwa kinyozi. Kila Alhamisi alifunga duka lake mapema, akaja kuwanyoa wagonjwa ambao hawakuwa na ndugu wa kuwatazama, bila malipo. Aliitwa Kinyozi na kila mtu, hata na mchungaji. Ajabu ni kwamba kanisa lao lilikuwa moja. Yeye alisali ibada ya kwanza, fundi ibada ya pili, na miaka sita walikuwa wakipishana langoni bila kujuana.

Alimpakia kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma kuelekea chumba cha kufungia bandeji. Nyuma yao mgonjwa akapaza sauti: "Kinyozi! Na nusu hii ya ndevu nimwachie nani?"

"Narudi, baba! Hiyo nusu nyingine umependeza nayo!"

Fundi alicheka huku akilia. Baadaye, kila alipojiuliza ilianzia wapi, alirudi kwenye kicheko hicho.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka. Daktari alisema wiki tatu asikanyage, na kwa mtu anayekula kwa cherehani ya kukanyaga, hiyo ilikuwa habari mbaya. Jumanne yake Kinyozi alifika nyumbani kwao amevaa shati lililopigwa pasi, akakuta nguo za wateja zimerundikana hadi dirishani na fundi amenuna.

"Pedali inasukumwaje?" aliuliza.

"Kwa mguu. Ambao umenivunjia."

"Umeteguka, haukuvunjika. Usinizidishie dhambi." Akakunja suruali, akaketi sakafuni chini ya cherehani, akashika pedali kwa mikono miwili. "Haya. Niambie twende lini."

"Twende. Taratibu! Taratibu, unashona au unakimbizwa?"

"Sijui, huku chini sioni kitu. Naona visigino tu."

"Usitazame visigino."

"Nifumbe macho?"

"Fumba."

Akafumba kweli. Mama mtu, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akamtazama mgeni yule aliyefumba macho chini ya cherehani, akamtazama binti yake aliyeinama juu ya kitambaa mashavu yamejaa tabasamu, akarudi kwenye mboga zake.

Hivyo ndivyo wiki tatu zilivyopita. Jumanne na Jumamosi alikuja mwenyewe, na kila jioni, saa moja kamili, simu iliita.

"Mguu unaendeleaje?"

"Umelala. Nikuamshie?"

"Hapana, uache upumzike. Niamshie mwenye mguu."

"Mwenye mguu yuko macho, anasubiri simu ya mtu fulani."

"Nani huyo? Nimnyoe upara."

Siku moja fundi alimwuliza kwa nini aliamua kuwanyoa wagonjwa, wakati kanisani kuna kazi nyingi zisizo na harufu ya dawa. Kinyozi akasema, "Baba yangu aliwahi kulazwa miezi miwili. Mimi nilikuwa mbali. Siku nilipofika nilitarajia kukuta mgonjwa, nikamkuta baba. Kuna mtu alikuwa amemnyoa, akamchana na nywele. Hatukumjua hadi leo. Nikasema basi, na mimi Mungu akinijalia mkono mwepesi, nitafanya hivyo." Usiku huo fundi aliomba, na katika kuomba kwake akagundua kwamba anampenda mtu huyu. Alimweleza Mungu hivyo hivyo, wazi, bila kuzungukazunguka.

Bandeji ilitolewa. Mguu ukapona, ukarudi kwenye pedali yake kama zamani. Lakini simu ya saa moja haikukoma, wala Jumanne, wala Jumamosi. Mwezi ukapita, ukapita wa pili, ukaingia wa tatu.

Jambo moja tu lilimshangaza. Wazee wa ibada ya kwanza walikuwa wanamhurumia mno. Mama mmoja alimsimamisha sokoni akamtia chupa ya mafuta ya kuchua mkononi. "Naona unajikaza, mwanangu. Usijikaze." Babu mmoja alimpisha kwenye foleni. Fundi aliona ni wema wa watu wa Mungu, akashukuru.

Kisha Alhamisi moja Kinyozi akasema kwenye simu, kwa sauti iliyokauka, "Jumapili, katikati ya ibada mbili, tukutane kwenye benchi la uani. Nina neno nawe."

"Liseme sasa."

"Si la simu, mpenzi."

Hakuwahi kumwita mpenzi. Alikata kabla hajajibiwa. Fundi alikaa na simu mkononi, kisha akafungua kabati akatoa kitambaa cha buluu iliyokolea alichokuwa amekiweka akiba tangu mwaka jana. Alikata gauni palepale. Shingo ya mviringo, vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa kilekile, kiuno kilichobana kwa adabu.

Ijumaa akiwa kwenye vifungo, mama yake akamletea mzigo. "Bibi Daftari amepita. Anasema jalada la daftari lake limechakaa, ulishonee koti."

Bibi Daftari alikuwa mwalimu mstaafu aliyetunza daftari la kutembelea wagonjwa. Kila anayehitaji kuangaliwa aliandikwa humo, akapangiwa mtu wa kumhudumia, na akipona alipigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Fundi alilifungua daftari ili apime upana wa jalada. Mkono wake ukakutana na namba kumi na saba.

*Fundi cherehani. Kifundo cha mguu. Mhudumu: Kinyozi. Apigiwe simu kila jioni. Atembelewe Jumanne na Jumamosi.*

Pembeni zilipangana alama za vema, wiki kwa wiki, hadi ya wiki ile. Juu yake alikuwa mzee wa wadi namba nne. Chini yake alikuwa mjane wa mtaa wa pili. Mhudumu: Kinyozi. Apigiwe simu. Vema, vema, vema.

Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Gauni la buluu lilikuwa limelala mapajani mwake, na kila kifungo kilikuwa kama kinamcheka. Kisha ikaja hasira, na afadhali hasira.

Saa moja simu iliita.

"Mguu un..."

"Tia vema."

"Nini?"

"Umeshanipigia. Tia vema kwenye daftari, halafu uende kwa namba kumi na nane, mjane anakusubiri."

"Fundi, nani amekuonyesha..."

"Mimi nilidhani napendwa, kumbe nahudumiwa. Asante kwa huduma, kaka. Mungu akubariki." Akakata.

Jumamosi Kinyozi alikuja, na mama akatumwa mlangoni kusema fundi hayupo. Mama alisema, "Fundi anasema hayupo," maana yeye hakuzoea kudanganya watu wa kanisani. Jumapili fundi alipitia lango la nyuma. Kwenye benchi la uani aliona mgongo wa koti la heshima na kichwa kilichoinama, akapita. Alilia njia nzima.

"Kumbe alikuwa anatimiza zamu!" alimwambia mama yake. "Huruma, mama. Alinimwagia maji, akawa analipa."

Mama hakuinua macho kwenye sufuria. "Mguu gani huo unaotaka mtu avae shati la pasi?"

"Ni huduma tu."

"Baba yako alinichemshia maji ya kuoga miaka ishirini na tisa. Sikuwahi kumwuliza kama ni huduma au ni mapenzi. Maji yalikuwa ya moto, nikaoga." Akafunika sufuria. "Jumatano Bibi yuko ukumbini. Mrudishie Bibi daftari lake. Wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Jumatano jioni ilikuwa saa ya maombezi, na fundi hakuwahi kuhudhuria kwa sababu ndiyo siku wateja walipochukua nguo zao. Alivaa viatu vya visigino virefu, kwa makusudi. Kama Kinyozi yupo, aone mguu wenyewe ulivyo mzima. Alipanda ngazi kumi na mbili za ukumbi, daftari likiwa kwapani na koti lake jipya, na kabla hajasukuma mlango akasikia sauti ya Bibi Daftari ikisoma kutoka kwenye karatasi.

"Namba kumi na saba, binti yetu fundi. Kwa mujibu wa mhudumu wake bado anachechemea, ngazi haziwezi, na usiku mguu unamvimba. Hii ni wiki ya kumi na nne. Wapendwa, tusichoke. Tuuombee mguu huu."

Fundi akaingia. Visigino vikalia kwenye saruji, ko, ko, ko, na vichwa thelathini vya mvi vikageuka kwa pamoja.

Bibi Daftari alishusha miwani. "Binti! Unatembea!"

"Bwana asifiwe!" mtu akapiga kelele nyuma, na wengine wakaanza kupiga makofi.

"Natembea tangu wiki ya tatu, Bibi," alisema fundi.

Makofi yakafa. Polepole vichwa thelathini vikageukia upande wa pili, kwenye kona ya mwisho, ambako Kinyozi alikuwa akijaribu kuwa mdogo kuliko kiti chake.

"Mhudumu," alisema Bibi Daftari kwa sauti aliyoitumia darasani maisha yake yote. "Simama."

Kinyozi alisimama. Alikuwa amekonda kwa siku tano tu. "Nimedanganya," alisema. "Mguu ulipona wiki ya tatu. Lakini mtu akipona anapigwa mstari, na akipigwa mstari, mhudumu anapangiwa mwingine. Kila Jumatano nilikuja hapa nikiwa nimekusudia kusema amepona. Nikifungua mdomo linatoka bado."

"Wiki kumi na moja!" Yule mama wa mafuta ya kuchua aliinuka, mkono kiunoni. "Mimi nimefunga siku mbili, sikula wala kunywa, kwa ajili ya mguu mzima?"

"Nitakufungia siku nne, mama."

"Wewe funga ndoa, mwanangu, hizo nne tutasameheana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi pekee hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, daftari amelibana kifuani kama zile foronya, akimtazama yeye tu.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Mzee wa wadi namba nne. Mjane. Nao unawapigia simu kila jioni. Mimi nina tofauti gani nao?"

Kinyozi alikuja mbele hadi wakatenganishwa na kiti kimoja. "Wale nawatembelea kwa ajili ya Bwana," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ya watu wawili. "Kwako nilikuja kwa ajili yangu mwenyewe, nikamsingizia Bwana. Hilo ndilo neno nililotaka kukuambia kwenye benchi. Nakupenda, fundi. Nilikaa pale hadi ibada ya pili ikaisha."

Machozi yalimtoka fundi na hakuyafuta. Alilifungua daftari kwenye namba kumi na saba, akanyoosha mkono kwa Bibi Daftari, na Bibi, bila kuulizwa, akampa kalamu nyekundu. Fundi alimkabidhi Kinyozi.

"Nipige mstari."

Mkono mwepesi ule, uliowanyoa watu wasioweza kuinua shingo, ukasimama juu ya karatasi. "Nikikupiga mstari, Jumamosi nitakuja kwa kisingizio gani?"

"Piga kwanza."

Akapiga. Mstari ulipinda kidogo mwishoni.

"Jumamosi njoo na baba yako," alisema fundi. "Na shati la pasi."

Jumamosi hiyo mama alifagia uwanja mara mbili. Fundi alivaa gauni la buluu, vifungo vyote mahali pake, na saa kumi akasikia hodi. Kinyozi alikuwa amesimama nyuma, ameshika kofia, jasho likimtiririka. Mbele yake alikuwa mzee mrefu aliyenyolewa vizuri sana. Mzee hakumtazama fundi usoni kwanza. Alitazama chini, kwenye miguu yake, kwa wasiwasi mkubwa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Kanisani kwetu kijijini nako tumekuwa tukikuombea kila wiki. Mguu unaendeleaje?"

Nyuma yake Kinyozi alijifunika uso kwa kofia. Ndani, mama alikuwa ameshika fremu ya mlango, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Fundi aliupokea mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, goti la mguu uleule.

"Umepona, baba," alisema. "Karibuni ndani."