Honi ya Marehemu

Mshonaji aligusa bomba la moshi kwa kiganja, akautoa mkono upesi, kisha akaurudisha taratibu kama mtu anayempima mtoto homa. Bomba lilikuwa la vuguvugu.

Alitazama huku na huku. Ukuta wa jiko ulikuwa umeikinga pikipiki na jua asubuhi yote, na turubai alilolivua muda si mrefu lilikuwa bado na ubaridi wa umande. Tangi lilikuwa kavu. Matairi yalikuwa yamelala chini, bapa, hayana hata pumzi. Pikipiki ile ndogo haikuwahi kuwashwa tangu mume wake, Mungu amrehemu, alipoiegesha pale akiwa na homa, akasema anajinyoosha kidogo kitandani, asiinuke tena.

"Labda ni mkono wangu," alijiambia, akaenda kutafuta spana.

Hakuwa fundi wa pikipiki. Mashine aliyoijua ni cherehani yake tu, na hiyo aliijua kwa kuishi nayo, si kwa kufundishwa. Lakini mama mkwe wake, aliyebaki naye katika nyumba ile, alikuwa amevimba miguu, kliniki ilikuwa mbali, na majirani waliokuwa wakimbeba mama huyo walianza kuwa na udhuru kila anapowagongea. Akaona afadhali ajaribu. Akamwita fundi wa kona ya barabara, ambaye watu wote walimwita Nati kwa sababu hakukosa kuwa na moja mfukoni.

Nati alichuchumaa, akachungulia, akacheka. "Shemeji, hii si pikipiki. Hili ni banda la kuku lenye usukani."

"Kwa hiyo haitapona?"

"Itapona. Vijiinjini hivi ni vibishi kuliko mama wakwe."

"Nimekusikia, wewe!" mama mkwe alisema kutoka kwenye mkeka.

"Shikamoo mama. Nilikuwa nasifia." Kisha akamgeukia mshonaji na kuacha mzaha. "Fungua kitu kimoja, kisafishe, kirudishe, ndipo uguse kingine. Ukifungua vyote kwa pamoja utabaki na vyuma mkononi na kilio. Mimi nitakuwa napita kukuangalia."

Basi kila alasiri, cherehani ikipumzika, mshonaji alikaa nyuma ya jiko na spana, na mama mkwe alikaa kando yake juu ya mkeka. Pale ndipo walipozoea kukaa tangu mazishi. Kivuli kilikuwa kizuri, na turubai lile lilikuwa kama mtu wa tatu. Hapo walimzungumzia marehemu: alivyokula, alivyokohoa, sabuni aliyopenda, alivyokuwa akisema "haya, haya" kabla ya kuinuka. Na kila siku mama mkwe alimalizia na lilelile.

"Akifika langoni hupiga honi mbili. Pii, pii. Hata niwe usingizini najua, mwanangu kafika."

"Ndiyo, mama," mshonaji aliitikia, macho yake yakiwa kwenye kazi.

Alianza na kabureta. Ilikuwa imejaa utando wa kahawia, mafuta yaliyooza yakawa kama gundi, na tundu lake dogo la ndani lilikuwa limeziba kabisa. Akachukua sindano ya cherehani, akalizibua, akafurahi na nafsi yake. Nati alipoona alishika kichwa.

"Sindano! Shemeji, umelipanua tundu! Sasa itakunywa mafuta kama ngamia. Tundu hili huzibuliwa kwa uzi mmoja wa waya laini, na kwa pumzi."

"Sikujua, fundi."

"Ndiyo maana nipo. Tutatafuta kipande kingine."

Wakatafuta, wakapata, akakifunga mwenyewe. Na kesho yake, akiwa ameinama kukaza skrubu, alisikia kitu kikivuta hewa kwenye mdomo wa kabureta. Kikavuta, kikatulia, kikatoa. Harufu ya sabuni ya marehemu ikampita usoni, safi kabisa, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Aligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, ametabasamu.

"Umesikia?" alinong'ona. "Anahema."

"Ni upepo, mama."

"Upepo hauogi."

Mshonaji alisema audhubillahi moyoni, akaendelea na kazi, maana miguu ya mzee ilikuwa imevimba zaidi na kliniki ilikuwa haijasogea karibu. Akasugua kutu kwa msasa. Akapaka cheni mafuta. Akaunganisha nyaya za honi zilizokuwa zimeliwa na panya, ijapokuwa betri haikuwepo; aliunganisha tu ili kazi iwe imekwisha. Nati alichomoa plagi, akasema anakwenda kuisafisha kwenye kibanda chake, akaitia mfukoni na kuondoka.

Jua lilikuwa linazama siku ile mshonaji aliponyanyuka kukusanya spana. Ndipo honi ilipolia. Haikulia pale kwenye pikipiki. Ililia mbele ya nyumba, langoni. Pii, pii.

"Mwanangu!" mama mkwe alilia kwa furaha, akijaribu kuinuka kwa miguu ile isiyomtii.

Mshonaji hakusogea. Spana ilimponyoka mkononi, kwa sababu yeye alijua jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mume wake hakuwa akipiga honi. Kazi yake ilimrudisha usiku wa manane, na mama yake alikuwa na usingizi mwepesi, kwa hiyo akifika kwenye kona alizima injini, akashuka, akaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka uani. Hakupiga honi hata siku moja. Mzee aliyasema hayo ya honi baada ya mazishi, na mshonaji hakuona sababu ya kumsahihisha mama aliyefiwa. Kwa heshima aliitikia. Aliitikia kila alasiri, mbele ya turubai.

Alikwenda langoni akisoma aya aliyoijua. Hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa hauna alama.

Tangu jioni ile mama mkwe akawa mtu mwingine. Alicheka peke yake. Sahani aliisukuma. Uso ulimng'aa na mashavu yakambonyea, na alikuwa haondoki nyuma ya jiko, hasa mchana wa jua la utosini, watu wakiwa ndani na barabara ikiwa kimya.

Mchana mmoja kama huo mshonaji alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja, akaita "Mama!", asijibiwe, akazunguka nyuma ya jiko, na pale akasimama asiweze kwenda mbele wala nyuma, kwa kuwa mama mkwe wake, aliyeshindwa kupanda hata kizingiti bila kushikwa mkono, alikuwa ameketi juu ya pikipiki, kwenye kiti cha nyuma, miguu mitupu, macho yamefumbwa, mikono yake miwili ikiwa imekumbatia hewa mbele yake, na hewa ile ilikuwa na upana wa kiuno cha mtu, na shungi lake lilikuwa likipeperuka nyuma kwa nguvu, likipigapiga, wakati nguo zilizoanikwa kwenye kamba hatua chache kutoka hapo hazikutikisika, na tairi zilikuwa bapa palepale chini, na kutoka mbali sana, kana kwamba ni mitaa mingi kutoka pale, kulisikika mlio wa injini ndogo ikipanda mlima.

"Mama! Bismillahi, mama!"

Shungi likaanguka. Mlio ukakatika. Mshonaji akamkumbatia mzee, akamshusha, akamlaza kwenye mkeka. Nyusi zake zilikuwa na vumbi jekundu. Ndani ya mguu wa kulia, juu ya kifundo, palikuwa na jeraha bichi la kuungua, refu kama kidole, lile linalowapata watu wanaobebwa wasipokuwa waangalifu na bomba.

"Leo kanifikisha mpaka darajani," mama mkwe alisema taratibu. "Kesho tutavuka."

"Ng'ambo ya daraja kuna nini, mama?"

"Amesema huko miguu haivimbi."

Mshonaji alimwita jirani amwangalie mzee, akakimbia kwa Nati. Nati alikuja na mzaha wake mdomoni, akaona jeraha, akagusa bomba, likamchoma. Akatumbukiza mkono mfukoni, akatoa plagi, akaitazama.

"Plagi ninayo mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Tangi halina tone. Shemeji, mimi nafungua injini. Hii... niache nikamwite shekhe."

Shekhe alifika baada ya sala ya alasiri, mzee mfupi mwenye kikohozi. Hakuiendea pikipiki. Alikaa kwenye mkeka, akauliza swali moja.

"Marehemu mlikuwa mnamzungumzia wapi?"

"Hapa, shekhe. Kila siku."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kitu kikiachwa muda mrefu, hakiguswi, hakitajiwi Mola wake, hupata mpangaji. Huyu alikuwa chini ya turubai akiwasikiliza. Amemjifunza marehemu wenu kwa vinywa vyenu. Anayajua yote mliyoyasema, wala hajui zaidi ya hapo. Wewe binti umemfungulia njia kwa spana, lakini hukujua. Mimi nitasoma. Ila aliyemwita mwana kwa ulimi wake, amkane kwa ulimi wake. Mama, useme: wewe si mwanangu."

"Sisemi," mama mkwe alijibu.

"Mama..." mshonaji alisema.

"Nimezika mara moja. Siziki tena."

Shekhe akaanza kusoma. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha taa ya mbele, isiyo na betri, ikaanza kuwaka, hafifu, ya njano kama jicho la mgonjwa, na harufu ya sabuni ikajaa uani mpaka ikawa haivutiki tena, ikageuka harufu ya mafuta yaliyooza, ikarudi kuwa sabuni, na pikipiki ikatetemeka juu ya matairi yake bapa huku nati na skrubu zote alizozikaza mshonaji kwa mikono yake zikilia kama meno ya mtu mwenye baridi, na kutoka ndani kabisa ya bomba la moshi ikatoka sauti ya kijana, yenye usingizi kidogo, yenye upendo, ikisema, "Haya, haya. Mama. Twende, mama."

Nati aliukumbatia ukuta. Mshonaji naye, Mungu amsamehe, hakukimbia. Alisogea karibu zaidi. Maana ilikuwa ni sauti ile. Alingoja imwite na yeye, kwa jina lile dogo alilopewa na mumewe chumbani, ambalo hakulitamka kwa yeyote. Alingoja. Sauti ikarudia, "Mama. Twende, mama." Jina lile haikulijua.

Ndipo alipopiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa nikikuitikia tu. Hakuwa akipiga honi. Alikuwa anazima kwenye kona na kusukuma, ili..."

"Ili asiniamshe," mama mkwe alisema. "Najua."

Mshonaji aliinua kichwa, akamtazama.

"Nilikuwa macho, mwanangu. Kila usiku. Nilikuwa nasikia tairi zikipita kwenye kokoto, polepole, anavyohangaika asipige kelele. Nikijifanya nimelala, asijisikie vibaya. Honi niliitunga baada ya kumzika." Machozi hayakumtoka, uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi. "Nilijuta. Laiti mara moja tu angeniamsha, ningetoka nimwone. Huyu si yeye, nimejua tangu honi ya kwanza. Lakini mwanangu haji. Huyu anakuja."

"Na mimi, mama?" mshonaji alisema. "Ukivuka huko, mimi nabaki na nani?"

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeingia chumbani na kukuta mgeni aliyesahauliwa tangu asubuhi bila hata maji ya kunywa. Akanyoosha mkono, akashika mkono wa mkwewe uliojaa grisi, akauegemea, akainuka.

"Mwanangu alikuwa na adabu," aliiambia pikipiki. Sauti yake ilitetemeka lakini ilifika. "Mwanangu hakunipigia honi hata siku moja. Wewe si mwanangu. Nenda, kwa jina la aliyekuumba."

Taa ikazimika. Kitu kikapita kati yao, kizito, chenye joto la mnyama, kikapita langoni, na mbwa wa mtaa mzima wakabweka kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, mpaka mbali. Mshonaji alipogusa bomba, lilikuwa baridi.

Shekhe aliomba dua, akanywa maji, akaenda zake. Nati akabaki kurudisha plagi na kujaza matairi upepo, na siku iliyofuata akaleta mafuta ndani ya chupa. Mshonaji alipiga kiki mpaka mguu ukamfa ganzi. Pikipiki ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika, akapiga tena, ikakubali. Ulikuwa mlio wa chuma tu, mbaya, usio na mtu ndani yake.

Alijifunza kwa kuzunguka mtaani, akaanguka mara kadha, akachubuka viwiko. Kisha asubuhi moja akamfunga mkwewe kanga kiunoni, akampandisha nyuma, akamwonyesha pa kuweka mguu, wakatoka kwenda kliniki.

Walikuwa wamefika barabara kubwa aliposikia mikono ya mzee ikimkaza, na paji la uso likilala kati ya mabega yake. Mgongo wake ukaanza kulowa. Mama mkwe alikuwa analia, kwa sauti, kilio kirefu cha mtu anayetoka makaburini, na injini ilikuwa na kelele kiasi kwamba wapita njia hawakugeuka. Mshonaji alitaka kusimama. Hakusimama. Akapunguza mwendo, akachagua njia ndefu.