Sauti Chini ya Gitaa

Wimbo ulikuwa na pumzi isiyokuwa yake.

Pazi aliisikia mara ya kwanza saa sita mchana, ndani ya kibanda chake cha kurekodi kanda pale Ujiji, mwaka wa tisini na saba. Gitaa la solo lilipanda, likazunguka, likatua; na pale lilipotua, kabla waimbaji hawajaingia, mtu alivuta pumzi. Mwanamke. Aliivuta kama anayetaka kuita. Kisha waimbaji wakaingia, ngoma zikamfunika.

Akarudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. Pumzi ipo.

"Deki imechafuka," alijiambia, akachukua pamba na spiriti, akafuta.

Aliyekuwa Kigoma mwaka ule hawezi kuusahau wimbo ule. Ulipigwa kwenye harusi za Buzebazeba, ukapigwa Katonga juu ya matenga ya dagaa, ukapanda na wachuuzi mpaka Kalinzi kwenye kahawa. Wazee waliokula kiapo kwamba muziki wa Kikongo ni uhuni walikamatwa wakitikisa mabega ndani ya kanzu. Ziwa lilikuwa likileta watu waliobeba magodoro na misiba, na boti zilezile zikaleta magitaa. Watu walicheza huku wana huzuni, na huzuni yenyewe ikajua kucheza.

Na nakala zake zote, saba tu, zilitoka kwa Pazi.

Baharia wa boti la Kalemie alikuwa amemwazima kanda yenye wimbo ule kwa saa moja tu; boti lilikuwa linang'oa nanga. Pazi akatazama rafu. Kanda tupu zimekwisha. Ilibaki moja ya mteja, ya Fébronie, msichana wa Kirundi aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi na karatasi ya ruhusa mkononi.

"Kaka, nitolee nakala," alikuwa amesema. "Utepe umechakaa. Nitarudi baada ya wiki tatu, wakinipa ruhusa tena."

Pazi aliisikiliza kidogo siku ile. Hakukuwa na muziki. Mama alikuwa akiwaita wanawe wakati wa kulala, mmoja mmoja kwa jina, "Uri he?", uko wapi, na kila mtoto akiitika kutoka kitandani, "Ndi hano," nipo hapa. Basi. Vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda vilikuwa vimevunjwa. Kila fundi wa kanda anajua maana yake: imefungwa, isirekodiwe tena.

Pazi alikunja karatasi ya sigara, akaziba matundu mawili, akabonyeza.

"Wakimbizi wanahama," aliiambia roho yake. "Hatarudi."

Ndivyo kanda ya Fébronie, kanda tupu zilipopatikana, ilivyokuwa mama wa nakala saba.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Selestini, kinyozi wa jirani.

"We Pazi! Umeniuzia wimbo au umeniozesha? Kila nikipiga, mwanamke ananihemea sikioni."

"Si ndiyo dua yako ya kila siku?"

"Dua yangu ilikuwa ya mwanamke mwenye mwili, bwana."

Wakacheka. Kisha Selestini akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Sikiliza mpaka mwisho. Siyo kuhema tu. Anaita watu. Na kibanda changu sasa kinanuka maziwa. Si ya ng'ombe, Pazi. Yale ya mama anayenyonyesha."

Pazi alitaka kumjibu kwa mzaha mwingine, lakini harufu hiyohiyo, vuguvugu, yenye uchachu mdogo kama ya shuka la mzazi, ilikuwa imekwisha kuingia kibandani mwake tangu asubuhi.

Siku iliyofuata binti yake, Shadya, wa miaka minane, alikaa juu ya kreti la soda akichora, kama alivyofanya kila akitoka shule. Shadya ndiye aliyekuwa tangazo la kibanda. Hakuna wimbo asioujua, na watu walisimama barabarani kumsikia akiimba. Wimbo ukapigwa. Gitaa likapanda, likatua. Na chini yake, safari hii waziwazi, sauti ikasema:

"Audace, uri he?"

Kimya.

"Ella, uri he?"

Kimya.

"Fébronie, uri he?"

Mtoto wa Ujiji hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Lakini hufundishwa pia kwamba mkubwa akiita, kunyamaza ni utovu wa adabu. Shadya aliacha kuchora. Uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Ndi hano," akasema.

Pazi alizima redio kwa kofi. "Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Mama yule anaita, baba. Hakuna anayemwitikia." Shadya akapiga mwayo, akalaza kichwa juu ya daftari, akalala.

Hakuamka mpaka magharibi.

Kuanzia siku ile, kila wimbo ulipopigwa mahali popote mjini, Shadya aliitika. Pazi alificha kanda kabatini nyumbani, akafunga kibanda, akadhani amemaliza, lakini wimbo ulikuwa umekwisha toka mikononi mwake, ulikuwa kwa kinyozi na kwa muuza chai na kwenye spika ya duka la nguo, na ulipoanza huku ukaisha kule ukaanza tena, na mtoto alikuwa kitandani na macho amefumba, midomo ikisema ndi hano, ndi hano, ndi hano, kila mara taratibu zaidi, kila mara kutoka mbali zaidi, kama mtu anayejibu huku anaondoka, na siku ya tatu ile sauti ikaongeza jina la nne, na jina lenyewe lilikuwa Shadya.

Zahanati hawakuona homa. Mkewe, Mwamini, aliweka sikio kifuani mwa mwanawe, akahesabu, akainua uso.

"Moyo unachelewa," alinong'ona. "Baba Shadya, umeleta nini humu ndani?"

"Sijaleta kitu."

Mwamini akamleta Veneranda, Mha wa Katonga, mganga na muuza samaki wa migebuka, mwenye rozari shingoni. Hata masheikh wa Ujiji walimwendea kwa mlango wa nyuma. Aliingia na harufu yake ya samaki, akakataa kiti, akanusa hewa.

"Tumeandaa ubani, mama," alisema Mwamini.

"Ubani wa nini? Jini ningelifukuza kabla chai haijachemka. Huyu ni mzimu, na hajaja kumtesa mtu. Anatafuta wanawe." Akamgeukia Pazi. "Alikuwa anakaa wapi kabla?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Labda katoka ziwani."

Kitandani, Shadya akasema ndi hano, na baada ya hapo akakaa bila kuvuta pumzi mpaka Mwamini akapiga yowe. Ndipo kifua kikapanda tena.

"Endelea kuongopa, baba," alisema Veneranda. "Mimi sina haraka. Mwanao ndiye mwenye haraka."

Mlango ukabishwa. Alikuwa Fébronie na karatasi yake ya ruhusa. Wiki tatu zilikuwa zimetimia.

"Shikamooni. Kibanda kimefungwa, nimeelekezwa huku. Kaka, nakala yangu iko tayari?"

Pazi alipiga magoti. Mtu mzima, mbele ya mkewe, mbele ya msichana wa miaka kumi na minane. Akasema yote: baharia, karatasi ya sigara, gitaa. Fébronie hakulia. Alishika ukuta.

"Mama yetu, Audace na Ella walifia njiani," alisema polepole. "Nilikuwa nao mle kandani tu."

Toka duka la nguo, mbali, wimbo ukaanza. Midomo ya Shadya ikatikisika. Fébronie akamsogelea, akaisikia ile ndi hano, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Anamjibu kwa niaba yetu," alisema.

"Basi wewe ujibu," alisema Veneranda. "Una haki ya kumwacha mtoto huyu, binti. Aliyekuvunjia nyumba ni baba yake. Sema tu."

Mwamini alishika miguu ya mwanawe kwa mikono miwili.

"Leteni redio," alisema Fébronie.

Pazi aliweka kanda ileile, yenye karatasi mgongoni, akabonyeza kurekodi. Utepe ulizunguka, ukifuta gitaa, ngoma na waimbaji. Hakuna aliyesikia sauti ikiita, ila harufu ya maziwa ilizidi, na Fébronie, amefumba macho, alikuwa akisubiri, na kila aliposikia alichokisikia alijibu, mara moja kwa sauti nene ya kaka, mara moja kwa sauti nyembamba ya mdogo wake, na mara ya tatu kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ndiyo iliyokatika.

Mara ya nne Shadya akafungua mdomo. Veneranda akauziba kwa kiganja chake chenye magamba ya samaki, akaushikilia.

"Wote wamelala, mama," Fébronie aliiambia redio kwa Kirundi. "Nawe ulale."

Pazi akazima. Aliporudisha kanda nyuma na kuipiga, hapakuwa na wimbo. Mama aliita, watoto watatu wakaitika. Alichomoa karatasi ya sigara kwa ukucha, akampa Fébronie kanda yake. Kitandani Shadya akakohoa.

"Mama, mkono wa nani unanuka mgebuka?"

Pazi alizunguka mji akakusanya nakala, akazichoma. Sita. Ya saba ilinunuliwa na abiria wa boti, na boti lilikwisha ondoka.

Miaka ikapita. Shadya akakua, akaolewa, akazaa, akaja Ujiji kwa baba yake kupumzika. Siku moja adhuhuri alikaa ukumbini akichambua maharage, mtoto wa miezi mitano mgongoni, redio ikipiga nyimbo za zamani. Mtangazaji alisema msikilizaji mmoja amewaletea kanda adimu, miaka ile tamu ya tisini. Gitaa likapanda. Shadya akatabasamu, akatikisa bega.

Gitaa likatua. Mtu akavuta pumzi.

Pazi alikuwa uani. Alitupa kata ya maji, akakimbia, na alipofika mlangoni tayari majina matatu yalikuwa yamepita na la nne likiitwa. Shadya alikuwa ameziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akikumbuka. Pazi akang'oa waya ukutani.

Redio ikafa. Ukumbi ukajaa harufu ya maziwa.

Na mgongoni mwa Shadya, yule mtoto ambaye hakuwa ameanza kusema akainua kichwa, akaitika.