Jina Lililofutwa kwenye Bamba la Atalanta

Fundi Vettor Tasca alikutwa asubuhi amelala kifudifudi mezani pake, kalamu ya chuma ya kuchongea imemzama shingoni. Chini ya kifua chake palikuwa na bamba la shaba lenye picha ya Atalanta, yule binti wa Kigiriki aliyewashinda wanaume mbio, mpaka mmoja akamtupia matofaa ya dhahabu ainame kuyaokota.

Haikupita saa, Stipan, mpiga chapa wake, akatiwa kizuizini. Jana yake walikuwa wamegombana, mtaa mzima ulisikia. Mahakimu wa Venisi walitaka akiri. Adhuhuri angetundikwa kwa kamba, mikono nyuma, ateswe mpaka aseme.

Mkaguzi Darduin hakutulia. Alizunguka karakana kama mtu aliyekanyaga siafu. Jeraha lilikuwa nyuma ya shingo, na kiti hakikuwa kimesogea. Nani humpa kisogo mtu aliyegombana naye jana?

Orsola, binti wa marehemu, alikuwa akipangusa kinu cha kupigia chapa ambacho tayari kilimeremeta.

Darduin alipitisha kidole kwenye bamba. Pembeni, kando ya jina la Tasca, palikuwa na kibonde laini. Akalipaka wino, akaweka karatasi yenye unyevu, akazungusha kinu mwenyewe. Karatasi ilipobanduka, herufi hafifu zilionekana: ORSOLA.

"Nani alifuta?"

"Baba."

"Mabamba yenu kumi na moja yana jina la Tasca. Yapi aliyachonga yeye?"

"Mawili. Tena mabaya."

"Mengine?"

Orsola aliweka kitambaa chini. "Mkono wake ulianza kutetemeka miaka tisa iliyopita. Nikachonga mimi, akatia jina yeye. Kwenye hili nilimwomba jina langu likae kando ya lake. Akakubali. Leo alfajiri nimemkuta analisugua, anapiga mluzi. Nilikuwa nimeshika kalamu."

"Na Stipan?"

"Nilikuwa nahesabu kengele. Nilisema moyoni nitakwenda kukiri kabla ya adhuhuri."

"Ungekwenda?"

"Sijui, bwana mkaguzi."

Walivuka madaraja karibu wakimbie. Stipan alikuwa ameshafungwa mikono. Walipomfungua alikaa sakafuni, akashindwa hata kulia.

Karani aliuliza jina na kazi ya mtuhumiwa, kisha, bila kungoja jibu, akaandika: *Orsola, binti wa Tasca, hana kazi.*

Darduin aliinama juu ya daftari.

"Kata hapo," alisema. "Andika: mchongaji."