Masega Ambayo Wezi Hawakuyagusa

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, Ikram alipopokea masega ya ekzosi, kile kichujio cha moshi cha gari, na kushangaa uzito wake. Masega ya mtumba huuzwa yakiwa ganda tupu. Madini ya ndani wezi huwahi kuyakomba. Haya yalikuwa mazima, na namba ililingana na ya Haisi yao ya zamani. Fundi Sadala alisema yametoka kwenye gari lililopinduka Mazinde, likaua dereva, likabaki kwenye mkonge bila kuguswa.

"Hata na wezi?"

"Hata na wezi, dada. Riziki yako hiyo."

Ikram hakuuliza zaidi. Masega yao yalikuwa yameziba, gari halipandi mlima, na dada yake Swaumu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza iliharibikia njiani, wakisubiri usafiri.

Masega yakafungwa, gari likavuta. Mama yao, kwa desturi ya nyumbani, akachinja kuku na kudondosha damu chini ya ekzosi, safari ziwe njema.

Magharibi, injini ikiwa imezimwa na kupoa, ekzosi ilikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kikavu, kikafuatwa na harufu ya nywele zinazoungua, na harufu ile ikapita uani, ikapita jikoni, ikaingia chumbani kwa Swaumu na kutulia hapo kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

"Ikram," Swaumu alinong'ona, "nani amekaa kitandani kwangu?"

Kesho yake walimwita Mzee Awadhi, mganga kutoka Handeni. Alinusa bomba, akauliza nani alichinja. Mama akajibu.

"Kafara hutolewa kule alikofia mtu, kabla chuma hakijaondoka," alisema taratibu. "Ninyi mmemlisha mlangoni kwenu. Kwenye chuma nitamtoa. Lakini mgeni aliyelishwa hujichagulia pa kulala."

Alifukiza, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Masega yakapasuka yenyewe. Sadala akafunga bomba tupu mahali pake, na jioni hiyo gari lilikaa kimya. Mama alilia kwa shukrani.

Ikram alipompelekea dada yake uji alimkuta amelala, midomo imefumbwa. Kikohozi kilitoka chini ya kanga, tumboni.

Asubuhi alitandika godoro siti ya nyuma, akamwambia Swaumu wanakwenda Korogwe kupima presha tu. Kisha akafungulia redio sauti mpaka mwisho, na hakuipunguza njia nzima.