Kahawa ya Fundi Mkuu

Fundi seremala alikutwa asubuhi chini ya ngazi ya karakana yake, kichwa kimepasuka, damu imekauka kwenye vumbi la mbao. Aliyemkuta ni mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, na hilo peke yake lilimtia matatani. Jana yake walitukanana mbele ya wateja hadi mkubwa akamfukuza kazi.

Inspekta hakujua kubembeleza mtu. Alimhoji kitindamimba sebuleni, mbele ya mama yake na mjane, makusudi ili macho yao yamchome.

"Ulimsukuma."

"Sikumgusa."

"Amekufukuza mbele za watu, ukanyamaza?"

"Ningefanyaje, afande?"

Mjane aliguna. Shemeji huyu, alisema, tangu lini akanyamazia jambo?

Daktari wa polisi ndiye aliyewavuruga. Marehemu hakutanguliza hata mikono, alisema. Alizimia kwanza, ndipo akaanguka. Hapo mjane akakumbuka kuwa kwa wiki kadhaa mumewe alishikwa na kizunguzungu kila aliposimama. Presha ilikuwa inashuka. Inspekta akazichambua sababu kwa ukali uleule. Maji alikunywa? Sana. Chakula? Alikula vizuri. Kuhara, homa, kutoka damu? Hakuna. Moyo daktari aliukuta mzima. Ikabaki dawa.

Majibu ya maabara yalipotoka, yalikuwa hayo hayo: damu ya marehemu ilikuwa na dawa ya kushusha presha, naye hakuwahi kuugua presha ya kupanda. Nyumbani mle aliyeitumia ni mmoja tu, mama mzazi. Na aliyelala chumba cha pili kutoka kwake ni kitindamimba.

"Umemwibia mama yako vidonge," Inspekta alisema. "Simama, twende."

Kijana alisimama. Mama akashika kichwa, akalalamika kinapasuka. Daktari, aliyekuja na majibu yale, akampima, akakunja uso, akapima tena. Presha ilikuwa imepanda vibaya mno.

Inspekta akamwachia kijana mkono.

"Bibi, dawa zako unameza?"

"Kila asubuhi."

"Mwenye kumeza kila asubuhi hafiki huku. Nani anakuona ukimeza?"

Mjane akajibu kabla ya mkwewe. Yeye humpelekea vidonge kwenye kisahani, lakini mama hufunga mlango kwanza. Akitoka anakwenda moja kwa moja jikoni kumpikia mwanawe mkubwa kahawa, chungu kama alivyoipenda, na ole wake atakayeigusa birika ile.

Mama alitazama mlangoni, kisha akamtazama kitindamimba. Aliona asiposema, bado watampeleka yeye.

"Mwacheni. Ni mimi," alisema. "Nilitaka alegee tu. Mgonjwa hasimamii karakana. Angekaa nyumbani, mdogo wake ashike kazi. Alimnyanyasa mno mwanangu."

"Na yeye alikuwa wa nani?" Inspekta aliuliza.

Machozi yalimtoka mama, na hakuna aliyemfuta. Alipoambiwa ainuke, alinyoosha mkono kwa kitindamimba wake ili amwegemee.

"Usinishike," kijana alisema.

Akaenda kusimama karibu na shemeji yake, yule aliyekuwa akimtakia jela muda wote. Mjane alisogea kidogo, akampa nafasi.