Miguu Minne Chini ya Trela ya Boti

Miguu minne ilikuwa imetokeza chini ya trela ya boti.

Miwili ilikuwa ya Godbless, fundi mwenzangu hapo karakana.

Miwili mingine… ilikuwa ya mke wangu.

Ndugu zangu, miguu ya Salvina naijua. Nimeishi nayo miaka ishirini na tatu.

Saa nne asubuhi, mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimetumwa nati mjini, nikazipata duka la kwanza. Wao hawakutegemea nirudi mapema.

Nikajibanza nyuma ya mitungi ya gesi. Nikasikiliza.

"Kaza, mama. Usiogope."

"Si itapasuka?"

"Haipasuki. Pindua mara moja, halafu vuta."

"Hivi?"

"Hapo hapo. Umeshakuwa mtaalamu wewe."

Mke wangu akacheka. Kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu Yuditha wetu amalize darasa la saba.

"Baba Yuditha asijue lakini," akasema.

"Hatajua, mama."

Jamani.

Godbless ana miaka thelathini na mbili na kifua kama mlango wa benki. Mimi nina hamsini na moja, diploma ya ufundi, na kitambi kinachofika kazini dakika mbili kabla yangu.

Wakatoka chini. Godbless akamfuta vumbi begani. Taratibu.

Halafu akaniona.

"Shikamoo, fundi."

Nikaitikia marahaba. Hakuna kitu kinauma kama shikamoo ya mtu unayehisi anakuibia.

"Mama Yuditha, umefuata nini huku?"

"Nilikuwa napita tu."

Kutoka nyumbani kwetu Soweto hadi karakana, anapita tu.

Walipokwenda kunywa chai, nikabaki na ile boti. Ilikuwa inapelekwa bwawani Nyumba ya Mungu siku hiyo hiyo, na Godbless ndiye dereva. Mbele imefungwa vizuri. Nyuma ina mikanda miwili ya kufungia mzigo, ile yenye kamkono ka kukazia.

Nikafungua kamkono ka kulia. Nikaachia mkanda kama kiganja kimoja, nikakafunga.

Nia yangu ilikuwa boti icheze pale getini, bosi wetu Gurdev aone, kijana afukuzwe. Basi.

Nikaenda kula mtori wa ndizi. Niliporudi, trela haipo.

"Bosi, boti iko wapi?"

"Imeondoka zamani," Gurdev akasema. "Godbless na mkeo."

"Na nani?"

"Mkeo, fundi. Kwani hujui?"



Nikadaka bodaboda, nikamwambia ashike barabara ya bwawani, mbio.

"Mzee, tunamfukuza nani?"

"Mke wangu. Yuko na mwanaume mwingine."

Yule dereva akaongeza mwendo bila kuuliza swali lingine.

Njia nzima nikawa naiona kichwani boti inaserereka kwa nyuma, inamwangukia mtu na baiskeli yake. Naona Salvina analia. Na niwaambie ukweli, msinicheke… sikujua kama naogopa wasifike, au naogopa wafike.

Nikawakuta Chekereni, njiani kwenda bwawani, wamesimama kando ya mashamba ya mpunga.

Salvina alikuwa amechuchumaa nyuma ya trela. Anakaza mkanda wa kulia. Mwenyewe.

"Nimeusikia unapiga na upepo," alikuwa anamwambia Godbless. "Nikajua umelegea. Nani amefanya hivi?"

Godbless akainamisha kichwa.

"Itakuwa mimi, mama. Nisamehe. Tungeua mtu."

Ningeweza kunyamaza. Kila kitu kilikuwa kimepangika kama nilivyotaka.

"Ni mimi," nikasema.

Salvina akageuka.

"Wewe? Kwa nini?"

"Nimewaona chini ya trela. Unacheka. Unasema nisijue."

Akasimama, bado ameshika kamkono.

"Hii boti ni yetu, Baba Yuditha. Sisi akina mama tunaouza samaki wa perege tumeinunua, tumechoka kukodi. Januari nilikuomba unifundishe kufunga boti kwenye trela. Ulisema nini mbele ya majirani?"

Nikakumbuka. Nilisema akajifunze kwanza kufunga kilemba kisianguke kanisani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Walicheka wote," akasema. "Mimi sikucheka. Huyu kijana hakunicheka hata siku moja. Kwa hiyo ndiyo, nilitaka usijue. Mpaka nijue."

Yule wa bodaboda akazima injini asikie vizuri.

Kesho yake nikapanda mlimani Old Moshi, nyumbani kwetu, nikakata majani mawili ya isale. Kwetu Uchagani ukipelekewa isale huwezi kukataa msamaha. La kwanza nikampa Godbless. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Yameisha, fundi." Nikatamani ardhi ipasuke.

La pili nikampelekea Salvina, amezungukwa na wenzake bwawani, kwenye boti yao.

Wivu wangu ulikuwa na macho makali sana, ndugu zangu. Uliona miguu, ukaona vumbi, ukaona kicheko. Haukuona mwanamke anayejifunza kazi. Mkeo akikuomba umfundishe kitu, weka utani pembeni umfundishe. Usipofanya hivyo atafundishwa na mwenye kifua, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Salvina akalipokea jani, akalichomeka kwenye kilemba chake.

"Msamaha nimekupa, Baba Yuditha," akasema. "Ila mikanda hugusi."